Protini 'inayofunga' imefunga nini? Tafsiri ya sayansi ianze na kazi, kamusi ifuate

KILA mara suala la Kiswahili na sayansi linapozuka, wasomi hugawika makundi mawili. Kundi la kwanza hudai kwamba lugha hii haina ubavu wa kubeba sayansi ya kileo, na kwamba tuiachie ushairi na siasa. Kundi la pili hushikilia kwamba Kiswahili kinaweza, kisha mara moja hukimbilia kamusi na kurudi na orodha ndefu ya istilahi. Kusema kweli, mimi sina raha na kundi lolote kati ya haya. La kwanza halijajaribu. La pili limejaribu, lakini limeanzia mwisho.

Dai langu leo ni jepesi kulitamka: istilahi nyingi za sayansi hufa vitabuni kwa sababu mwenye kuziunda alitazama neno la Kiingereza, hakutazama kazi ya kitu chenyewe. Dai kama hili halina maana bila mfano. Kwa hivyo hebu tuchukue mfano mmoja mgumu, tena kutoka maabarani, tuone Kiswahili kitatufikisha wapi. Nao ni uhandisi wa protini zinazonasa bayotini, unaotumika kutia alama kwenye molekuli.

Usinikimbie, msomaji wangu. Bayotini unaijua. Ni ile vitamini iliyoandikwa kwenye vichupa vya vidonge vya nywele na kucha, na nitarudi kwenye vichupa hivyo baadaye kwa sababu ndivyo vilivyonisukuma kuandika makala haya.

Kisa chenyewe kina umri wa karibu karne moja. Mwaka wa 1927, mtafiti Margaret Boas wa Taasisi ya Lister jijini London aliwalisha panya ute mkavu wa yai bichi. Panya wale walinyonyoka manyoya, na ngozi yao ikaharibika. Ilikuja kubainika kwamba ute haukuwa na sumu kwa maana tunayoizoea. Ulikuwa na protini inayoupokonya mwili vitamini moja muhimu. Vitamini hiyo ndiyo bayotini, ambayo zamani iliitwa vitamini H, herufi hiyo ikitokana na neno la Kijerumani la ngozi. Kinachochekesha ni kwamba Fritz Kögl na Benno Tönnis, walipoitenga bayotini mwaka wa 1936, waliipata kwenye kiini cha yai. Yaani yai moja limehifadhi vitamini kwenye kiini na mpokonyaji wake kwenye ute! (Anayekula yai lililopikwa asiwe na wasiwasi. Joto huiharibu protini ile isiweze tena kupokonya.)

Mwanzoni mwa miaka ya 1940, Esmond Snell na wenzake katika Chuo Kikuu cha Texas waliishughulikia protini hiyo ya ute, ikapewa jina la avidini. Mtu anaweza kudhani jina hili lina uhusiano na ndege, maadamu limetoka kwenye yai. La hasha. Limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya uchu. Waliolibuni hawakutazama protini inatoka wapi, walitazama inafanya nini: ina uchu wa bayotini. Tuliweke hilo akilini.

Katika miaka ya 1960, ndugu yake avidini alipatikana kwa bakteria wa udongoni aitwaye Streptomyces avidinii. Huyu ndiye streptavidini, na ndiye anayependwa zaidi maabarani kwa sababu hana sukari mwilini mwake wala chaji kubwa inayoifanya avidini inatie vitu visivyohusika. Protini zote mbili zina vijenzi vinne, na kila kijenzi kina mfuko mmoja wa kuipokea bayotini. Mshiko wao hupimwa kwa femtomola, yaani sehemu moja ya milioni bilioni ya mola. Huu ni miongoni mwa mishiko mikali kabisa isiyo ya kovalenti inayojulikana katika maumbile.

Wahandisi wa molekuli waliona fursa hapo. Ukitaka kufuatilia protini fulani ndani au juu ya seli, ibandike bayotini kwanza. Kisha leta streptavidini iliyobebeshwa rangi inayong'aa. Itaitafuta bayotini, itaing'ang'ania, na wewe utaona mwanga kwenye darubini pale protini yako ilipo. Hata kule kubandika kuna fundi wake: kimeng'enya kiitwacho BirA, cha bakteria E. koli, ambacho huitambua alama fupi ya amino asidi 15 na kuipachika bayotini mahali pamoja tu.

Sasa tuje kwenye lugha. Mwanafunzi mmoja wa uzamili aliniletea rasimu ya tafsiri ya makala ya kitaaluma kuhusu protini hizi. Ni mwanafunzi makini, na rasimu yake ina mengi ya kusifiwa. Kwa mfano, hakujisumbua kubuni majina ya Kibantu ya bayotini na streptavidini. Aliyatohoa tu, na alifanya vyema. Jina la kitu ni kama jina la mtu, husafiri nacho. Kijapani, Kirusi na Kiarabu hutohoa pia, na hakuna anayedai lugha hizo ni maskini. Lakini rasimu hiyo iliteleza penye maneno matatu, na matatu hayo yanatufunza zaidi ya yale aliyoyapatia.

Neno la kwanza ni 'lebo'. Rasimu ilisema kwamba protini 'hutiwa lebo'. Lebo tunaijua: ni karatasi iliyobandikwa kwenye chupa au shati, ikitueleza kilichomo, bei na mtengenezaji. Lebo husomwa. Bayotini haisomwi na haielezi lolote kuhusu protini iliyoibeba. Kazi yake ni kumfanya aliyebandikwa aweze kupatikana tena katika umati. Je, Kiswahili hakina neno la kazi hiyo? Muulize mfugaji. Yeye hupiga chapa ng'ombe wake ili amtambue hata akichanganyika na wa jirani. Kule Tanzania, mifugo huvishwa kile wanachokiita hereni, kipande kidogo sikioni kinachomtambulisha mnyama. Hereni haimgeuzi ng'ombe kuwa kitu kingine. Anakula, anatembea na kuzaa kama kawaida, ila sasa anafuatilika. Hilo hasa ndilo mhandisi wa molekuli analolitafuta: alama ndogo isiyobadilisha tabia ya mbebaji. Sisemi tuandike 'hereni ya molekuli' kwenye vitabu vya chuo kikuu, ingawa sioni ubaya wake darasani. Nasema 'kutia alama ya utambuzi' hufika mbali kuliko 'kutia lebo', na aliyewahi kuona ng'ombe wenye chapa ataelewa bila tanbihi.

Neno la pili ni 'kufunga', na hapa ndipo pana shida kubwa zaidi. Rasimu ilizungumzia 'protini zinazofunga bayotini'. Kiingereza kina neno moja la kufunga kamba na la molekuli kushikana, basi mtafsiri akalichukua la kwanza likamtumikia la pili. Lakini sikiliza masikioni mwa Mswahili. Kufunga ni kufunga mlango, kufunga mzigo, kufunga saumu, kufunga bao na kumfunga mtu jela. Protini inayofunga imefunga nini? Imefunga mwezi mzima? Imefunga mabao mangapi? Tatizo hapa limezidi utani. Kitenzi hiki hakituelezi jinsi tendo linavyotokea. Ukifunga mzigo, wewe ndiwe unayetenda, mzigo umekaa tu. Kumbe baina ya protini na bayotini hakuna anayeshika kamba. Bayotini huelea, huingia mfukoni, na mfuko humshika kwa sababu maumbo yao yameafikiana.

Kiswahili kina kitenzi kinachofanya kazi hii kwa ufasaha wa ajabu, nacho ni 'kunasa'. Tunasema mtego umemnasa panya, na pia tunasema gari limenasa matopeni. Kitenzi kile kile humhusu anayekamata na anayekamatwa, bila kuhitaji nia ya yeyote. Matope hayakukusudia kulikamata gari. Vivyo hivyo, streptavidini hunasa bayotini na bayotini hunasa ndani ya streptavidini, sentensi zote mbili sahihi, zote mbili kweli. Wazee wetu walitumia ulimbo kunasia ndege, ule utomvu unaonata. Ndege akitua, basi. Nitaambiwa kwamba kunasa pia kuna maana nyingine, mathalani kunasa sauti kwenye kinasa-sauti. Ni kweli. Lakini hata hapo wazo ni lile lile: kilichokuwa kikipita kimekamatwa kikabaki. Maana hizo zinaelekeana, hazigombani kama zinavyogombana za kufunga.

Isitoshe, tukishapata kitenzi kizuri, viambishi vyetu hufanya kazi iliyobaki. Hunasa, hunaswa, hunaseka, hunasia, hunasua, hunasuka. Tazama hilo la mwisho. Wanasayansi hawapimi tu jinsi molekuli zinavyoshikana, hupima pia jinsi zinavyoachana. Mwaka wa 2010, kikundi cha Mark Howarth katika Chuo Kikuu cha Oxford kilitangaza streptavidini iliyobadilishwa, wakaiita traptavidini kwa kuchopeka ndani yake neno la Kiingereza la mtego. Nao, kama wenzao wa Texas, walilitafuta jina kwenye kazi. Sifa ya protini hiyo ni kwamba bayotini hunasuka kwake kwa kasi iliyo takriban sehemu moja ya kumi ya kasi ya kawaida. Hapa pia pana mtego wa tafsiri. Ukiandika 'polepole mara kumi', msomaji hubaki akikuna kichwa: ni kumi ya nini? Andika kwamba 'huchukua muda mara 10 zaidi kunasuka', na hesabu inaeleweka.

Kuna na tofauti nyingine ambayo 'kufunga' hukosa njia ya kuieleza. Wanakemia hutofautisha nguvu ya mfuko mmoja na nguvu ya mifuko yote ikishirikiana. Mwenye mikono minne akiachilia kwa mmoja, mitatu bado inashika. Mimi ningependekeza 'mshiko' kwa ile ya kwanza na 'mng'ang'anio' kwa ile ya pili. Si lazima mapendekezo yangu yakubaliwe. Lakini anayeyakataa alete mengine yanayotofautisha mambo haya mawili, asituletee neno moja kwa yote.

Tofauti hiyo inatupeleka kwenye neno la tatu. Mikono minne, japo inaonekana kama baraka, ni balaa kwa mtafiti. Ukiwa na protini zilizotapakaa juu ya seli, kila moja na bayotini yake, streptavidini moja inaweza kunasa mbili, tatu au nne na kuzikusanya pamoja. Seli nyingi huchukulia mkusanyiko kama huo kuwa ishara, na huanza kufanya mambo ambayo hazikuwa zikiyafanya. Ulikwenda kutazama, ukaishia kuvuruga. Kwa nini basi usichukue kijenzi kimoja tu cha streptavidini? Kwa sababu mfuko wa kila kijenzi huzibwa na amino asidi iliyotoka kwa kijenzi jirani. Ni kama nyumba za safu ambapo mlango wangu unashikiliwa na ukuta wako. Ukimtenga mmoja, mlango unabaki wazi na mshiko unadhoofika vibaya.

Mwaka wa 2006, Howarth akiwa na Alice Ting na wenzao katika chuo cha MIT nchini Marekani walitangaza suluhu. Walitengeneza streptavidini yenye vijenzi vinne kama kawaida, lakini kimoja tu ndicho kinachonasa. Vile vitatu vingine viliharibiwa mifuko kwa kubadilishwa amino asidi chache. Walivichanganya vijenzi vya aina zote mbili, wakaacha vijikunje pamoja, kisha wakazichuja zile protini zenye kijenzi kimoja kizima kwa kutumia alama waliyokuwa wameipachika kwenye vile vizima. Mshiko wa femtomola ukabaki, mkusanyiko usiotakikana ukatoweka.

Katika Kiingereza, watafiti wale waliviita vijenzi vitatu hivyo 'vilivyokufa'. Mwanafunzi wangu akatafsiri neno kwa neno. Hapa sina ugomvi naye peke yake, nina ugomvi na watafiti pia. Kilichokufa huzikwa, hakina kazi. Vijenzi hivi vina kazi kubwa: ndivyo vinavyolishikilia jengo zima, na bila jirani, mfuko mzima ungeachia. Vingekufa kweli, kile kimoja kisingenasa. Kiswahili hutupa neno linalofaa zaidi, 'kupooza'. Mkono uliopooza bado ni sehemu ya mwili, una damu, una umbo, ila haushiki. 'Streptavidini yenye mkono mmoja mzima na mitatu iliyopooza' ni maelezo sahihi kuliko yale ya asili. Umeona? Tafsiri iliyoanza na kazi haikuishia kulingana na matini chanzi, iliirekebisha.

Najua kuna msomaji anayenung'unika: profesa, wanaofanya kazi hii huandika Kiingereza, watasomwa kwa Kiingereza, sasa mateso haya yote ni ya nini? Hapa ndipo naturudisha kwenye vile vichupa.

Ujuzi huu haukubaki Oxford na MIT. Vipimo vingi vya damu katika hospitali duniani hutumia streptavidini na bayotini kama kulabu ya kukamatia kile kinachopimwa. Mtu mzima huhitaji takriban mikrogramu 30 za bayotini kwa siku. Vidonge vinavyouzwa kwa ajili ya nywele na kucha mara nyingi huwa na mikrogramu 5,000 au 10,000. Bayotini hiyo ya ziada huingia damuni, damu huchukuliwa maabarani, na bayotini hukimbilia mikono ya streptavidini kabla ya kulabu kufika. Mikono ikishajaa, kipimo hudanganya. Vipimo vya aina moja husoma chini kuliko ukweli, vya aina nyingine husoma juu. Mtu mwenye tezi nzuri ya shingo anaweza kuonekana mgonjwa. Hatari zaidi ni troponini, protini inayotoka kwenye msuli wa moyo unapojeruhiwa: inaweza kusomeka chini ilhali moyo unaumia. Mnamo Novemba 2017, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu jambo hili, ikataja kifo cha mgonjwa mmoja aliyekuwa akitumia bayotini nyingi na ambaye kipimo chake cha troponini kilisoma chini kimakosa. Si kila mashine ya maabara ina udhaifu huu, inategemea ilivyoundwa. Lakini mgonjwa hawezi kuijua mashine. Anachoweza ni kujibu swali analoulizwa.

Na swali lenyewe ni lipi? 'Kuna dawa yoyote unayotumia?' Hebu mweke mama anayemeza kidonge cha nywele kila asubuhi mbele ya swali hilo. Atajibu hapana, tena kwa moyo safi. Kiswahili chetu kina dawa ya meno, dawa ya viatu na dawa ya mbu. 'Dawa ya nywele' nayo ipo, lakini sisi sote tunajua hiyo ni ile inayopakwa saluni kulainisha nywele. Kidonge cha vitamini hakimo katika dawa hizi zote. Si dawa kwa sababu yeye si mgonjwa. Neno pana namna hiyo limekiacha nje kile hasa ambacho muuguzi alitaka kukijua. Hata agizo la kutokula kitu tangu usiku haliokoi, maana kumeza kidonge kwa maji si kula.

Kosa si la mama. Si la muuguzi pia, kwani ametafsiri swali la Kiingereza kama alivyofunzwa. Ni kosa lile lile la 'protini inayofunga': neno limetafsiriwa, kazi yake imesahauliwa. Swali lililoanza na kazi lingekuwa hivi: 'Kuna kidonge chochote unachomeza, hata kama ni cha vitamini, cha nywele au cha kucha?' Halihitaji kamusi ya istilahi wala kongamano. Linahitaji mtu ajue kwa nini anauliza.

Kwa hivyo, wenzangu wa idara za Kiswahili, ningependa tuweke kanuni mbili. Majina ya vitu tukope bila haya: bayotini, streptavidini, troponini. Vitenzi tusikope na tusivitafsiri vikiwa vimefungwa macho. Vitenzi ndivyo vinavyosema kitu hufanya nini, na hapo lugha yetu ina hazina ya wafugaji, wavuvi, mafundi na wategaji ndege. Pili, mwanafunzi yeyote anayetafsiri matini ya sayansi apelekwe kwanza maabarani akaone kazi ikifanyika, ndipo apewe kamusi. Na wenzetu wa vitivo vya udaktari nao watuite wanapotunga maswali ya kumuuliza mgonjwa. Wanadhani tutawasahihishia ngeli. Tutawasahihishia ngeli kweli, lakini pia tutawauliza swali hilo linatafuta nini.

Nawe msomaji, ukienda kupimwa damu na una kichupa cha vidonge vya nywele nyumbani, kitaje hata usipoulizwa.